Tofali 25 kwa Mfuko

Jirani yangu hapa Nzuguni anajenga ukuta. Jumamosi Canter ilimwaga matofali pembeni ya kiwanja chake, nami katika kupita nikatoa funguo mfukoni nikakwaruza moja. Mwanangu akaniuliza, "Baba, unaandika nini?" Nikamwambia siandiki kitu. Mtoto wa darasa la pili utaanzia wapi kumweleza habari za babamkubwa?

Kile kilikuwa kipindi ambacho Dodoma nzima ilinuka sementi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulikuwapo tangu 1973, watu wamezeeka nao. Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akasema serikali inahamia, na safari hii ikahama kweli. Mwenye mashine ya kufyatulia na tripu moja ya mchanga wa korongoni akawa mfanyabiashara wa matofali. Babamkubwa naye hakubaki nyuma. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri matokeo, nikakabidhiwa chepe.

Kwake mfuko wa kilo 50 ulitoa tofali 25 za inchi sita, basi. Yadi ya ng'ambo ya barabara walitoa 45, na mwenyewe akiwa ana haraka wanapitiliza. Ila kilichokuwa kinatumaliza zaidi ni maji. Sementi haikauki kama udongo wa kufinyangia. Inakunywa maji ndipo inashika, na huendelea kukomaa kwa wiki kadhaa. Sasa jua la Dodoma na ule upepo wa kiangazi vinayanyonya maji tofali likiwa bado bichi. Babamkubwa aliyafunika matofali yake kwa magunia, tukayamwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, na maji yenyewe ni ya kununua kwenye boza. Wenzetu wanarashia leo, kesho mzigo uko kwenye gari.

Mchana mmoja akaja kijana mtanashati, shati kachomekea, viatu vinang'aa kwenye vumbi lile. Anajenga nyumba za kupangisha kule Ilazo, watumishi wanakuja kutoka Dar, anataka mzigo mkubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu, baba."

Akatajiwa bei, akacheka kidogo, akatazama ng'ambo. Babamkubwa hakubishana naye. Aliinua tofali mpaka usawa wa kifua, akaliachia. Likatua kwa kishindo, likamegeka kona tu. Kisha akanipa hela, "Nenda kaninunulie moja pale." Nikavuka. Wale jamaa wakanicheka, hela wakakataa, wakanipa la bure. Nililibeba nimelikumbatia, na nilipofika kifua chote cha fulana yangu kilikuwa mchanga.

Akaliachia na lile. Likavunjika vipande, kimoja kikasambaratika kama kashata.

Yule kijana akachuchumaa. Akaokota kipande, akakifikicha kwa kidole gumba taratibu mpaka kikaisha chote mkononi. Akasimama, akatoa leso, akajifuta kidole kimoja kimoja. Mimi moyoni nishauza, nahesabu tripu.

"Mzee, umenielewesha. Kabisa," akasema. "Lakini humo silali mimi."

Akavuka barabara.

Babamkubwa alimsindikiza kwa macho, halafu akanigeukia. "Wewe, mwagilia hayo ya nyuma. Jua kali."

Hatukufika mbali. Madeni ya boza, mashine ikauzwa, yadi ikarudi kuwa kichaka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale kwetu kibaya hakikutembea hata hatua. Kilikaa kimetulia, wateja wakakifuata.

Waliobaki upande wetu nawakumbuka vizuri, na hawakuwa matajiri. Kulikuwa na mama lishe mmoja wa Majengo aliyekuwa akinunua kidogo kidogo kila anapopata, anakuja na guta. Huyo alikuwa mkali! Anapitia tofali moja moja na msumari, lililochimbika kirahisi analitenga bila kukuangalia usoni. Babamkubwa alimwogopa kuliko mtu yeyote wa halmashauri. Yule mama alikuwa anajenga chumba atakacholala yeye na wanawe.

Na zile nyumba za Ilazo? Zipo. Nikipanda bodaboda upande ule huwa nazikodolea macho natafuta nyufa, nakiri kwa moyo mbaya kidogo. Plasta safi, rangi ya maziwa, kila mlango una mpangaji. Rafiki yangu fundi ananiambia nyumba ya chini haina mzigo mkubwa, nguzo na mkanda vikiwa vizima ukuta unaweza kukuficha siri miaka mingi. Labda. Wapangaji wanasema ukipigilia msumari wa kutundika picha unatoka na ukuta, lakini kodi wanalipa.

Krismasi iliyopita tulikwenda kumsalimia babamkubwa Mpunguzi, siku hizi analima zabibu. Nikamuuliza, angerudi nyuma, angetoa 45? Nilikaa mkao wa kupokea busara. Akafikiri, akakuna kidevu.

"Shida yangu ilikuwa maji," akasema. "Ningekuwa na kisima, bei ningeshusha. Hivi kuchimba siku hizi wanachukua shilingi ngapi kwa mita?"