Mboga hii naila na nini?

Maneno matano, nimeyahesabu. Yalitamkwa Jumatatu saa mbili usiku, mezani kwangu, na leo Jumapili bado yananguruma kichwani kama jenereta la jirani.

Mboga hii naila na nini?

Msemaji ni Mama. Mnaonisoma siku nyingi mnajua yuko kwangu tangu ile safari ya kliniki ya kisukari, na mkasa wa godoro mnaujua, sirudii. Wiki hii mdogo wangu wa Tanga kaposa, ofisini bosi wetu kaaga kazi ghafla na tukafunga hesabu za mwezi bila yeye, lakini kila nikikaa kuandika vidole vinanipeleka kwenye ile sahani tu.

Basi niwape sahani yenyewe.

Jumatatu nilitoka kazini nimechelewa. Mwendokasi, Kivukoni mpaka Kimara, nimesimama kwa mguu mmoja, kwapa la mtu liko puani. Mkobani nina zukini mbili za shilingi 4,000, zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta. Wiki nzima nyuma yake nilikuwa nasoma habari za tambi za mboga: unachukua zukini, karoti, hata kabichi, unakata nyembamba na ndefu, unazipitisha kwenye kikaango dakika mbili tatu, unamwagia mchuzi juu, umekula tambi zisizo na ngano. Kwa mtu anayerudi nyumbani saa moja na nusu na bado anategemewa jikoni, hiyo ni habari njema. Halafu hesabu zake zikanilewesha, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Gramu 100 za tambi za ngano zilizopikwa zina wanga kama gramu 30. Zukini, gramu 3 hivi. Na sukari ya Mama Ijumaa ya kabla ya hapo asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, ilisoma juu, 13.4. Nani angebishana hapo?

Jaribio la kwanza, la Jumamosi ile, sikuwaambia. Nilikata, nikatia chumvi, nikafunika kama ninavyofunika mchicha. Nilipofunua nikakuta supu. Zukini karibu yote ni maji, asilimia 95 hivi, ukiifunika inajichemsha yenyewe. Jumatatu nilikuwa nimeshaerevuka: chumvi kidogo, ziache kwenye chujio robo saa huku unabadilisha nguo, zikamue kwenye kitambaa safi kama unavyokamua tui, kikaango kiwe cha moto kweli, na mfuniko usiuguse. Zikatoka nzuri, jamani. Zimejikunja, kijani pembeni, nyeupe ndani, bado zina ubishi kidogo kwenye jino. Juu nikaweka nyama ya kusaga niliyoiunga kwa nyanya, kitunguu saumu na pilipili manga. Dakika ishirini toka niwashe jiko. Nikapiga na picha.

Mama akanawa, akapiga bismillahi, akaitazama sahani.

"Hili si mumunye changa hili?"

"Zukini, Mama. Ni ndugu yake mumunye. Nimezikata kama kamba hivi, unakula kama tambi."

"Kamba wako wapi? Siwaoni."

Watoto, ambao walishakula saa moja na walikuja mezani kutazama tu, wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, wakati huo bado nilikuwa na nafasi ya kucheka. Nikamweleza kuwa ni kamba za kufungia, si wale wa baharini. Akaokota ukanda mmoja kwa vidole, akauinua mpaka usawa wa macho, ukaning'inia pale unadondosha mchuzi. Akautia mdomoni. Akatafuna sana. Akameza.

"Tamu," akasema. Kisha akaangalia kulia kwa sahani, akaangalia kushoto, kama mtu anayetafuta miwani yake. "Mboga hii naila na nini?"

Nimelisikiliza swali hilo kwa kila sauti. Jumanne asubuhi kituoni nililisikia kama kejeli. Mchana, katikati ya mahesabu, likawa mashtaka. Jioni likawa la mtoto mwenye njaa, na hapo ndipo lilipouma zaidi. Baba Watoto anasema Mama aliuliza tu, kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. Kwake yeye kila kitu ni "aliuliza tu."

Kilichonikata maini ni neno mboga. Mimi nilidhani nimempikia chakula. Yeye aliona mboga imemwagiwa mboga. Na akili yangu inakubali kwamba hakukosea, maana hata mimi nimekua hivyo: nyama ni mboga, samaki ni mboga, maharage ni mboga, na vyote hivyo vipo ili ugali au wali upate njia ya kushuka. Kumwekea mtu mboga peke yake ni kumtandikia shuka pasipo godoro. (Nilisema sirudii habari za godoro. Basi.)

Na mimi nikamjibuje? "Hicho ndicho chakula chenyewe, Mama." Kwa ile sauti ninayowajibia wateja wanaodai risiti za mwaka juzi.

"Haya, mwanangu," akasema. Akala yote, akasukuma sahani, akashukuru. Haya ya mtu wa Tanga ina vyumba vingi ndani, hujui umeingizwa chumba gani.

Kuna jambo sijawaambia. Jikoni usiku ule kulikuwa na sufuria ya wali wa nazi, wa watoto na baba yao. Nilikuwa nimeufunika, nikaweka na kawa juu, kana kwamba harufu ya nazi inajua kutulia chini ya kawa.

Jumanne nikapika za karoti. Zina utamu wa kuudhi, na zinataka dakika tano sita mpaka zilainike. Jumatano za kabichi, ambazo kwa bei ndizo ningemshauri mtu: kabichi moja ya gengeni unaikata nyuzi nyembamba, maji ya moto dakika mbili, unachuja, umemaliza. Kila usiku Mama alisema haya, akala. Swali hakulirudia. Mwenye kulirudia nilikuwa mimi, nikiosha vyombo, nikipiga pasi, nikisubiri usingizi.

Jumatano hiyohiyo, saa tano usiku, nyumba imelala, mimi niko jikoni gizani nakwangua ukoko. Tusihukumiane. Ukoko wa wali wa nazi, umeshika rangi ya kahawia pembeni, sufuria nimeikumbatia kifuani, kijiko mkononi, nakwangua polepole nisisikike. Nikasikia ndala. Nikageuka mdomo umejaa.

Mama kasimama mlangoni, mkono mmoja ukutani. Nilidhani ananitazama mimi na sufuria yangu, nikaanza kutunga uongo.

"Mwanangu, natetemeka."

Nikawasha taa. Uso wote jasho, jasho la baridi, kanga imemganda mgongoni. Nikatafuta kipimo kwenye droo, nikadondosha vile vijiti, nikaviokota. 3.4. Chini ya 4 sukari imeshuka mno, hilo nalijua, nimeliandika mimi mwenyewe kwenye daftari lake kwa wino mwekundu. Vijiko vitatu vya chai vya sukari, vimejaa, kwenye nusu glasi ya maji, akanywa. Ukishampa unasubiri dakika 15 ndipo upime tena. Jaribuni siku moja kukaa dakika 15 mnamtazama mama yenu. 5.2.

Akapumua. Akavuta kigoda, akaichukua sufuria yangu kutoka pale nilipoitupa, akaanza kukwangua. Akauliza kama kabichi ya jioni imebaki. Nikampa. Akala ukoko na kabichi pamoja, kwa mkono, taratibu, mimi nimekaa sakafuni kwa sababu miguu ilikuwa imekataa kazi.

"Kabichi imepungua chumvi," akasema.

Sikulala. Saa nane nikaibandua ile karatasi ya kliniki kwenye mlango wa friji, niliyoibandika kwa mikono yangu. Muuguzi alichora duara la sahani kwa kalamu. Nusu: mboga za majani, bamia, biringanya, mumunye (mumunye limeandikwa!). Robo: samaki, kuku, maharage. Robo iliyobaki: ugali au wali. Robo, kwa herufi kubwa. Mhasibu mzima nimefuta robo ya sahani ya mama yangu kwa sababu 3 ni ndogo kuliko 30. Na kile kidonge chake cha asubuhi, glibenclamide, hakisubiri kuona umekula nini. Kinalisukuma kongosho limwage insulini ya kushusha sukari, wanga uwepo usiwepo. Kwa hiyo siku tatu kidonge kilikuwa kinafanya kazi yake, na mimi nikawa nakiondolea cha kufanyia kazi.

Mama aliuliza Jumatatu kitu kilichokuwa kimebandikwa kwenye friji langu mwenyewe.

Alhamisi nikampigia muuguzi. Hakunifokea, ningependa angenifokea. Alisema robo irudi leo hiihii, tambi za zukini nizihesabu kwenye ile nusu ya mboga na si mahali pa wali, na Mama aje aonane na daktari waiangalie dozi. Tunakwenda Jumanne.

Ijumaa yote nilikuwa nimejinunia. Napika kimyakimya, naweka wali kwa kupima na kikombe, sitazami mtu usoni. Jana asubuhi Mama akajifunga kanga, akaenda gengeni peke yake, akarudi na mamumunye matatu machanga ya shilingi 1,500, akaketi kwenye kigoda na kile kisu chake cha mpini wa mbao alichokuja nacho kutoka Tanga. Nikamletea kile kidude changu cha plastiki chenye meno cha kukatia nyuzi, nilichokinunua kwa mbwembwe. Akakigeuzageuza. "Hiki weka," akasema, kama anavyowaambia watoto waweke simu.

Akapasua mumunye kwa urefu. Akakwangua moyo wote na zile mbegu laini kwa kijiko, akazirusha kwenye beseni.

"Maji yako yanatoka humu."

Wiki nzima nimekamua vitambaa mpaka viganja vimeuma, kumbe maji mengi yanakaa pale katikati, unayatoa kwa kijiko mara moja. Nyama ya pembeni, iliyobaki ngumu, ndiyo aliyoikata, mikanda mirefu sawasawa bila kutazama, huku ananisimulia posa ya mdogo wangu, nani kasema nini, nani kanuna, bahasha ya kufungua mdomo ilivyosahaulika nyumbani wakarudi na bodaboda kuichukua. Kikaango kikavu cha moto kwanza, mikanda ikashika madoa ya kahawia. Kitunguu. Pilipili mbuzi moja nzima, isipasuke. Tui zito vijiko viwili mwishoni, ndimu, akazima. Robo saa haikufika.

Baba Watoto naye, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameamkia Feri, soko la samaki. Akaingia na kifurushi cha gazeti kimelowa, akakifungua mbele ya Mama.

"Kamba hawa hapa, mama mkwe."

Mama alicheka mpaka kanga ikamvuka begani. Alimtania kuwa nusu kilo kwa ukoo mzima ni salamu tu, si kitoweo, lakini aliwamenya mwenyewe, hakutaka mtu awaguse. Mezani sahani yake ilikuwa kama lile duara: mumunye nusu, kamba robo, na robo ya wali, kikombe cha chai kisichojaa. Hakuuliza kitu. Alikula kwa zamu, tonge na mkanda, tonge na mkanda, akaniangalia mara moja tu, na mimi nikajishughulisha na mtungi wa maji.

Leo asubuhi sukari yake imesoma 8.1. Muuguzi anataka chini ya 7, kwa hiyo bado tuna safari, lakini si ile 13 na wala si ile 3.4 ambayo hata kuiandika hapa mkono unasita. Nilimuuliza Mama, wakati nampaka mafuta miguuni, kama Jumatatu alikuwa ananisema. Akafikiri. "Jumatatu tulikula nini?"

Nimeanza kuandika haya saa tatu, sasa ni saa nne na nusu, na katikati hapo mwenye nyumba amepiga simu mara mbili. Sikupokea. Kodi tulilipa miezi 6, mpaka Desemba, risiti ninayo, na choo cha nyuma alishakitengeneza. Jumapili usiku, mara mbili. Anataka nini?