Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa biolojia Bukavu na matumbawe ya majani

Saa kumi na moja alfajiri. Maji kwanza, maana kwetu Kadutu bomba likitoa hutoa alfajiri. Halafu chai, mkate, na saa kumi na mbili na nusu nateremka kilima kwa miguu. Jana ilinyesha, njia ni matope matupu.

Saa moja na nusu. Bendera, matangazo ya bwana prefe, mkuu wa shule, kisha vipindi viwili vya mwaka wa tatu.

Saa nne. Hiki ndicho kipindi ninachokingojea: matumbawe, na mwaka wa tano. Wenzangu huniambia niiruke sura hiyo kwa kuwa Bukavu hakuna bahari. Siiruki hata kidogo. Mtoto aliyekulia kando ya ziwa Kivu anajua maji yanavyozidi kuwa meusi kadiri yanavyokwenda chini, na habari ya jamaa ya Agariciidae, yaani matumbawe ya majani, ni habari ya mwanga.

Nawapitishia picha ya Pavona, tumbawe la jamaa hiyo kutoka Bahari ya Hindi: mabamba membamba, yamesimama na kupandana kama majani ya kabichi. Nawaambia wasogeze macho karibu. Mistari myembamba inatoka kwenye kinywa cha polipi mmoja (kiumbe kimojakimoja kinachounda tumbawe) na kuendelea moja kwa moja hadi kwa jirani yake, bila ukuta katikati.

"Mwalimu, huu ni mmea?" anauliza msichana wa dawati la mbele.

Ni mnyama. Ndani ya nyama yake unaishi mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa mwanga, naye mnyama anajenga chokaa chini yake. Tunafunga madirisha. Nachukua karatasi mbili zinazolingana, moja naifinyanga iwe mpira, nyingine naiacha wazi, kisha naziwashia tochi ya simu kutoka juu. Darasa zima linaona ipi imepokea mwanga mwingi. Ndiyo maana aina fulani za matumbawe huwa nene kwenye maji mafupi, na kwenye kina hutanuka zikawa bamba. Leptoseris, wa jamaa hiihii, ameonekana akiishi kwenye kina cha zaidi ya mita 150 na mwani wake ndani.

"Basi Kivu inamtosha, ina zaidi ya mita 400!" anasema kijana wa Bagira. Swali zuri sana. Namjibu kwamba kina kipo, lakini matumbawe haya yanataka maji ya chumvi, na Kivu ni maji baridi.

Saa saba. Bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, haraka.

Saa tisa. Masahihisho. Wengi wameandika "mnyama". Wawili bado wanaandika "jiwe". Nawaandikia pembeni kwamba jiwe ni nyumba aliyoijenga, mwenyewe ni ile ngozi laini ya juu.

Saa moja jioni. Umeme hakuna, naandaa somo la kesho kwa taa ya sola. Nitawaeleza mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe yakapoteza mwani wake, yakawa meupe, na mengi yakafa kwenye pwani ya Kenya na Tanzania. Kijana wa Bagira nitamuuliza yeye kwanza: bila mwani, mnyama huyu anakufa kwa nini?