Mradi wa glavu ya gofu: tundu la kitako cha kiganja

Glavu namba 5 imemaliza raundi ya 21 na haina tundu! Ngozi ni ileile ya kabreta, yaani kondoo wa nywele na si wa sufu, saizi ileile, mkono uleule wa kushoto. Namba 1 hadi 4 zilitoboka zote kabla ya raundi ya 10, na zote mahali pamoja: kitako cha kiganja, chini ya kidole kidogo, duara linalokaribia sarafu ya shilingi 100. Tundu hilo ndilo limekula muda wote wa mradi huu.

Kabla ya yote, tuache kuhesabu raundi peke yake. Anayemaliza mashimo 18 kwa mipigo 90, na 36 kati ya hiyo akaipiga kwenye grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) glavu ikiwa mfukoni, glavu yake imefanya kazi mara 54, ukiacha mizungusho ya fimbo ya kujaribu. Ndoo moja ya mipira 100 kwenye uwanja wa mazoezi ni karibu raundi mbili. Mtu akilalamika kuwa glavu yake imekufa baada ya raundi sita, muulize amepiga ndoo ngapi katikati. Tangu namba 3, mazoezi yote yamehamia kwenye glavu ya mikrofaiba, ambayo haishiki vizuri kama ngozi lakini huvumilia msuguano na maji.

Mshitakiwa wa kwanza alikuwa jasho, na hapa kwetu si rahisi kumtetea. Raundi ya mchana kwenye viwanja vya Uganda, Kitante au Entebbe pale karibu na ziwa, glavu huwa imelowa kabla ya shimo la tano. Jasho lina chumvi na asidi kidogo. Linaondoa mafuta ambayo mtengeneza ngozi aliyatia, na nyuzi za ngozi zikikauka bila mafuta hayo zinagandana. Ndiyo maana glavu inakuwa ngumu kama kaukau za muhogo, kisha inapasuka kwenye mikunjo ya vidole.

Tiba mbili zilishindwa vibaya. Ya kwanza ni ushauri wa kuirudisha glavu kwenye pakiti yake na kuifunga. Katika nchi kavu labda. Huku, hasa mvua za Machi hadi Mei, glavu yenye unyevu ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) iliyofungwa inaota ukungu, madoa meusi ambayo hayatoki. Ya pili ni vaselini. Ngozi inalainika kweli, lakini inavutika na kuteleza, na glavu inayoteleza inamfanya mtu abane zaidi. Usipake chochote cha mafuta upande wa kiganja, na ukipaka dawa ya mbu au losheni ya jua, futa mikono kabisa kabla ya kuvaa.

Kilichofanya kazi ni ukaushaji wa polepole. Fungua velkro, toa glavu kwa kusukuma ncha za vidole kidogo kidogo bila kuigeuza ndani nje, inyooshe kwa kiganja, ining'inize kivulini nje ya mfuko wa fimbo. Kamwe isiwe kwenye dashibodi ya gari. Vaa mbili kwa zamu, ukibadilisha kila mashimo matatu siku ya joto. Namba 4 ilitunzwa hivyo tangu siku ya kwanza, ikabaki laini ajabu. Na tundu likatokea palepale.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba ni magonjwa mawili tofauti. Jasho hukakamaza, msuguano hutoboa. Kukausha hakugusi msuguano hata kidogo.

Kipimo kilichofichua kila kitu kinahitaji kipande cha chaki tu. Paka chaki nyembamba kwenye sentimita 3 za mwisho za mpini wa fimbo, vaa glavu iliyozeeka, piga mipira mitano kwa fimbo namba 7, kisha tazama kiganja. Alama safi yenye kingo maana yake mpini umetulia. Alama iliyoburutwa maana yake mpini unatembea ndani ya mkono. Ya namba 4 ilikuwa mburuzo wa sentimita nzima, ukianzia kwenye ukingo wa kitako cha mpini. Fimbo ilikuwa inashikwa mwisho kabisa, ule ukingo mgumu wa raba ukiwa umeingia kiganjani, na kila ukifika juu ya mzungusho unageuka na kusaga ngozi. Hakuna ngozi duniani itakayohimili hilo.

Marekebisho yalikuwa matatu. Mkono umeshushwa hadi sentimita 1.5 za mpini zionekane juu yake. Mpini umelazwa kwenye mashina ya vidole badala ya kukatiza katikati ya kiganja. Na mipini yenyewe imesuguliwa kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi ya kucha, ikasuuzwa na kufutwa. Hili la mwisho watu hulidharau mno! Raba iliyoganda jasho na vumbi inang'aa, inateleza, na mkono unalipiza kwa kubana. Mipini yenye nyuzi za pamba ndani ya raba inashika vizuri kwenye mvua, lakini kwa glavu ya kabreta ni msasa. Kwa maoni yangu, isiwekwe kwenye seti nzima.

Chaki ikarudiwa: alama safi, kingo zimenyooka. Ndiyo namba 5 hiyo.

Mpango uliofuata ulikuwa kulinganisha saizi, kwa sababu glavu pana hukunjamana na kila mkunjo husagika. (Velkro ikifika mwisho wa nafasi yake, glavu ni kubwa. Iache pengo dogo.) Mpango huo umesimama, maana limekuja wazo la kiraka.

Glavu namba 4 ni nzima kila mahali isipokuwa hapo. Kanuni za vifaa za R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia gofu, zinaruhusu kuongeza kitu cha kuzuia kuchakaa, mradi unene wa sehemu hiyo usizidi wa ile iliyo jirani kwa zaidi ya milimita 0.635. Zaidi ya hapo inahesabiwa kuwa mto, yaani padi, na glavu haifai mashindanoni. Kipande kilichokatwa mgongoni mwa namba 1 kimepimwa kwa kalipa: milimita 0.5. Nafasi ya gundi ni ndogo sana lakini ipo.

Jaribio la kwanza limeharibika. Fundi viatu alikishona, na mashimo ya sindano yakaifanya ngozi ichanike kwenye mstari kama karatasi ya stempu. Ngozi nyembamba hivi haishonwi juu ya kiganja. La pili ni gundi ya viatu peke yake: pembe za kiraka zimekatwa mviringo ili zisibanduke, kingo zimepunguzwa kwa wembe, gundi imepakwa pande zote mbili kwa ncha ya kidole na kuachwa dakika kumi hadi isinate tena, kisha pande zikakandamizwa pamoja glavu ikiwa imevalishwa chupa ya soda ili kiraka kifuate mviringo wa mkono. Kimewekwa nje, kwa sababu ndani ukingo wake ungechubua ngozi ya mtu.

Kalipa inasoma 0.6. Kiraka kina mipigo 140 hadi sasa, na ukingo mmoja upande wa kifundo umeanza kunyanyuka.