Kovu lile nililibeba bure

Dozi ya kifua kikuu niliimaliza mwaka 2019, miezi 6 kamili, makohozi yakawa safi. Kikohozi hakikuondoka. Nikipanda ngazi za kazini lazima nishike ukuta. Zahanati moja ilitaka kunianzishia dozi upya kwa kutazama eksirei tu, bila kupima makohozi. Nikakataa. Kovu kwenye picha huweza kufanana na ugonjwa wenyewe.

Mwaka jana nikaanza kukohoa damu. Siti skani ikaonyesha sehemu ya juu ya pafu la kushoto imesinyaa kwa makovu, ndani yake shimo lenye donge la fangasi. Daktari wa upasuaji akaniambia, "Mzee wangu, hii ni ya kukata. Ila kwanza nijue nitakachobakiza kama kitakutosha." Kile kipimo cha kupuliza kilisema pumzi ni ndogo, basi; pafu lipi linafanya kazi na lipi linategea, hakisemi. Ndipo akanituma kitengo cha tiba ya nyuklia.

Neno nyuklia lilimnyima mke wangu usingizi. Kumbe ni sindano moja ya mkononi, umelala chali, unavuta pumzi ndefu. Chembechembe za protini zilizobebeshwa teknesiamu, dawa yenye mionzi, huenda na damu hadi mapafuni na kunasa kwenye vishipa vyembamba kabisa. Damu isipopita, nazo hazifiki. Kamera ya gama inasoma mionzi kutoka kifuani, mbele, nyuma na ubavuni. Haina kelele, mimi nilisinzia.

Kilichonichosha ni safari. Siku ya kwanza nilirudishwa kwa kuwa dawa haikufika. Teknesiamu hupungua nusu kila saa 6, si kitu cha kuweka kabatini kama panado. Hilo nililielewa, lakini simu si wangepiga?

Nilipofuata majibu niliomba namba, nisiishie kuonyeshwa picha. Pafu la kulia linapata asilimia 86 ya damu ya mapafuni, la kushoto 14, na karibu zote hizo 14 ni za sehemu ya chini. Kule juu palikuwa patupu. Daktari akacheka: "Huko juu ulikuwa unabeba mzigo tu, mzee."

Wakakata. Siku ile ya sindano ya nyuklia mke wangu alihamia chumba cha watoto, ingawa tuliambiwa si lazima. Pumzi haijaongezeka, na ukuta wa kazini bado naushika. Damu sijaiona tena.