Turubai la Bluu

Mzee aliyenifundisha rangi za mafuta alikuwa na swali moja la kuudhi. Anasimama nyuma yako, ananyoosha kidole kwenye kona yenye giza, anauliza: "Kivuli hiki umekiona wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, ila sikulisema. Nilikiona kwenye kitabu chenye picha za Rembrandt, mchoraji wa Ulaya wa zamani. Vivuli vyangu vyote miaka ile vilikuwa vya kahawia nzito, vya chumba chenye dirisha moja huko Uholanzi. Mkono ulikuwa umeshaiva, hilo hata yeye alilikubali. Nilijua kuandaa kanvasi na kupandisha tabaka juu ya tabaka, la chini likizimuliwa kwa tapentaini, kila linalofuata likiongezwa mafuta ya kitani ili picha isije ikapasuka. Nilijua kupaka glezi, lile tabaka jembamba la rangi inayopitisha mwanga, mpaka sufuria iliyochorwa ikang'aa. Lakini zitundike picha zangu pamoja ukutani, utadhani zimechorwa na watu wanne, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kugombania daladala.

Mzee alipitia Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii cha Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka 1972, na aliwaheshimu sana wachoraji wa Tingatinga wa Oysterbay ingawa hakuchora kama wao. "Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na rangi ya baiskeli na kipande cha ubao," alipenda kusema. "Picha yake ukiiona kwa mbali huulizi ni ya nani." Halafu ananitazama. Mimi nilijitetea kwamba rangi ya baiskeli hukauka upesi, unajaza eneo unasonga mbele, wakati mafuta yanakaa mabichi hata siku kadhaa na kukuruhusu ubadili mawazo. "Sasa wewe umebadili mawazo gani?" akauliza.

Asubuhi moja ya kiangazi tukaenda Feri, kwenye soko la samaki. Nilikuwa nimepanga kuchora mlango wa bandari, pantoni ikivuka kwenda Kigamboni, na ngalawa mbili tatu za kupendezesha. Picha ya namna hiyo haikosi mnunuzi. Mzee akashika stendi yangu, akaigeuza ikaipa bahari mgongo, ikatazama kwa wakaangaji.

"Shikamoo mama," nikamwamkia mama aliyekuwa akigeuza pweza kwenye karai kubwa.

"Marahaba mwanangu. Kama ni picha za simu, sitaki."

"Nakuchora kwa mkono, mama."

"Haya, chora. Ila usinizibie wateja."

Juu yake walikuwa wamefunga turubai la bluu, lile la kila kibanda cha jiji hili. Jua la saa tano lilipita ndani yake likashuka limeshageuka rangi. Bluu ilikaa kwenye paji la uso wake, mabegani, kwenye mgongo wa kila kibua kilichopangwa mezani. Kutoka chini, kuni zikamrudishia rangi ya chungwa kidevuni na ndani ya mikono. Hapakuwa na kahawia popote. Mahali ambapo mimi ningeweka giza, chini ya kidevu, ndipo palipokuwa pana moto kuliko pote.

Nilianza kama nilivyozoea, nikapaka kanvasi nzima siena iliyochomwa, rangi ya udongo mwekundu, nyembamba, iliyojaa tapentaini. Kwa kawaida tabaka hilo nililifunika lote, lisibaki hata alama. Siku hiyo nikalitazama, nikamtazama mama, nikaona kwamba nusu ya kazi imeshafanyika. Moto ulikuwa chini ya kanvasi kama ulivyokuwa chini ya karai. Kilichobaki ni kuteremsha bluu kutoka juu. Nikachanganya ultramarini na nyeupe ya zinki. Ile ya titani ingeziba kila kitu, ya zinki inaachia cha chini kipumue. Nikaiburuza kwa brashi kavu kwenye paji la uso na mabega, na pale kidevuni sikugusa.

Mama akaja kuangalia, kijiti cha pweza mkononi. Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanangu, mbona umenifanya wa bluu kama maiti?"

Binti aliyekuwa akipara samaki pembeni akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mama, hebu jitazame mkono. Sote humu ndani ndivyo tulivyo!"

Mama akautazama mkono wake, akautoa nje juani, akaurudisha. Akaondoka bila kusema neno, akatuletea pweza wa bure. Mzee akala wa kwake na nusu ya wangu. Swali lake hakuliuliza.

Glezi za mwisho nilizipaka nyumbani, nikisubiri kila tabaka likauke, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kujizuia nisipake. Nilipoimaliza nikampelekea Mzee, nikijua kabisa nimeshajipata. Akaikubali. Kisha akaniambia kwamba bluu ni ya mwenye kibanda, si yangu, na nikianza kuwapaka bluu watu wa Kariakoo na Ubungo itakuwa fasheni tu. "Nenda mahali pasipo na turubai, tuone utabaki na nini."

Nikaenda Mwenge, kwa wachonga mpingo. Hapo walikuwa wamekaa chini ya mti, jua likipenya majani na kurushwa juu tena na vumbi jekundu. Nikaanza na ule ule moto wa chini, ila baridi ya juu safari hii ilikuwa kijani kilichopauka, na sehemu nilizoziacha wazi zilikuwa magoti na tumbo la mchongaji.

Mzee akasimama nyuma yangu muda mrefu kuliko kawaida yake. Akanyoosha kidole. Haikuwa kwenye kivuli. Alikuwa akilalamikia mkono wa kulia: hakuna mchongaji, akasema, anayeshika tezo namna ile akabaki na vidole vyake.