Jinsi nilivyoipatia matibabu familia yenye hati tofauti

Katika nyumba yetu hapa Houston, jimbo la Texas, mume wangu ni raia wa Marekani. Mimi, watoto wangu wawili wa ndoa ya kwanza na mama mkwe tuliingia kutoka Mombasa mwaka 2024 tukiwa na ukaazi wa kudumu. Mdogo wa mume wangu alikuja zamani kwa masomo, viza yake ikaisha, na sasa hana hati. Ninaandika jinsi nilivyomtafutia kila mmoja wetu mahali pa kutibiwa, kwa sababu nimeona familia nyingi za kwetu zikiacha kuuliza mara tu mtu mmoja anapokataliwa, kana kwamba nyumba nzima imekataliwa. Sheria hapa haiangalii nyumba. Inamwangalia kila mtu kwa hati yake, umri wake na kipato kinachohesabiwa kwake.

Bima ya umma ya watu wenye kipato kidogo, yaani Medicaid, haikuwa yetu sisi watu wazima. Sheria ya mwaka 1996 inawataka wakaazi wengi wa kudumu wasubiri miaka mitano, na zaidi ya hapo Texas ni miongoni mwa majimbo ambayo hayajaipanua kwa watu wazima. Medicare, bima ya wazee, nayo inamtaka mgeni aliyefikisha miaka 65 awe ameishi nchini kwa miaka mitano mfululizo ndipo aruhusiwe kuinunua. Kazini kwa mume wangu, kwenye ghala, bima yake peke yake ilikuwa nafuu, lakini kuniongeza mimi na watoto kungekula sehemu kubwa ya mshahara, na wazazi hawakuruhusiwa kabisa.

Aliyenitia hofu zaidi ni mama mkwe, ambaye ana kisukari na presha. Siku moja nilimwomba anionyeshe dawa alizokuja nazo. Alitoa kwenye mkoba pakiti za metformin na amlodipine zilizokatwa kwa mkasi, na nikaona kwamba zimebaki nyingi kuliko zilivyopaswa kubaki. "Mwanangu, nilitaka zifike mbali," alinijibu. Alikuwa akimeza nusu ya kipimo bila kutuambia. Kabla ya kufikiria bima yoyote, nilimpeleka kwenye kliniki ya jamii inayopokea ruzuku ya serikali kuu. Kliniki za aina hii haziruhusiwi kumrudisha mgonjwa kwa kukosa fedha, na hupunguza malipo kulingana na kipato kwa kila familia ambayo kipato chake hakizidi mara mbili ya kiwango rasmi cha umaskini, na wakati ule hazikujali hati. Tulichukua stakabadhi za mshahara wa mume wangu, tukajaza fomu, na mama akaandikiwa dawa zake siku hiyohiyo.

Katika kipindi hicho wakala mmoja alinipigia simu mara kwa mara akinisisitiza ninunue mpango wa bei rahisi ulioanza kazi kesho yake. Nilimuuliza swali moja: je, mpango huo unalipia ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kujiunga? Alizungukazunguka, na hatimaye akakiri kwamba haulipii. Tangu mwaka 2014 bima kamili zinazouzwa kwa mtu binafsi haziruhusiwi kumkataa mgonjwa wa aina hiyo, lakini mipango ya muda mfupi haibanwi na sharti hilo. Kwa mzee mwenye kisukari, mpango kama ule ni fedha iliyotupwa, na ninasikitika kwamba huuzwa zaidi kwa wageni wasioijua nchi.

Bima yangu na ya mama tuliipata kwenye HealthCare.gov, soko la bima la serikali linaloendeshwa kwa mtandao. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua humo na kupata ruzuku hata kabla ya miaka mitano, na mtu aliyepata ukaazi karibuni ana siku 60 za kujiunga bila kusubiri msimu wa usajili unaoanza Novemba. Tangu mwaka 2023 familia ya mfanyakazi inaweza kupata ruzuku ikiwa gharama ya kuiongeza kwenye bima ya kazini inapita asilimia fulani ya kipato, ambayo mwaka 2024 ilikuwa 8.39. Mama tulimwandika kuwa tegemezi wetu wa kodi. Mtandao ulikataa kunitambua, kwa kuwa sikuwa na historia yoyote ya mikopo Marekani; msaidizi wa usajili, ambaye huduma yake ni bure, alinisaidia kupakia pasipoti na kadi ya ukaazi, na mambo yakaenda. Katika fomu hiyo, asiyeomba bima haulizwi hali yake ya uhamiaji, na jambo hilo lilimtuliza sana shemeji yangu.

Watoto walikuwa rahisi kuliko wote. Texas huwakubali watoto wenye makazi halali kwenye CHIP, bima ya umma ya watoto, bila kusubiri miaka mitano, na ada ya kujiunga haizidi dola 50 kwa familia kwa mwaka.

Shemeji hawezi kununua bima kwenye soko lile hata kwa fedha zake. Kwake tuliomba mpango wa msaada wa Harris Health, mfumo wa hospitali za kaunti yetu, ambao unawahudumia wakaazi wa kaunti wenye kipato kidogo bila kuwabagua kwa hati. Kazi ilikuwa kuthibitisha anaishi hapa, maana bili ya umeme na mkataba wa pango vilikuwa kwa jina la kaka yake. Huo si bima, na nje ya hospitali na kliniki za mfumo huo haumsaidii, lakini sasa ana daktari anayemjua.

Anayesoma haya leo aangalie tarehe. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondolea ruzuku, kuanzia Januari 2026, wahamiaji halali wenye kipato chini ya kiwango cha umaskini ambao hawakubaliwi Medicaid kwa sababu ya hali yao ya uhamiaji. Kuanzia Oktoba 2026 inawaondoa kwenye Medicaid wakimbizi wengi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu, na hapo ndugu zetu wa Kongo waliopokewa kama wakimbizi wasikawie kuomba ukaazi huo mara wanapotimiza mwaka mmoja. Na kwa familia yenye mtu asiye na hati, ningeshauri kumuona kwanza mwanasheria wa uhamiaji, hasa kwenye mashirika yanayotoa ushauri bure, kabla ya kuweka jina lake kwenye fomu yoyote ya serikali.