Miezi Saba Nikiisubiri Foidi, na Pua ya Lincoln Haikunisaidia

Foidi, yaani kadi yangu ya kuruhusiwa kuwa na bunduki, ilipofika niliipiga picha mbele na nyuma nikamtumia mke wangu, naye alikuwa chumba cha pili. Miezi saba, jamani. Kwa miezi saba mtoto njiti anazaliwa na kuishi. Naandika haya kwa sababu ya ushauri niliopewa njiani. Karibu wote ulikuwa wa hovyo, na washauri wenyewe bado wapo, wanaendelea kushauri.

Kwa mlio nyumbani: hapa Illinois, Marekani, tangu 1968, mkazi haruhusiwi kukaa na bunduki, wala risasi moja iliyosahaulika kwenye droo, bila kadi ya jimbo inayoitwa FOID. Sisi tunaiita foidi. Inadumu miaka kumi, na kuihuisha ni dola kumi na senti za juu. Pesa si tatizo. Nina shotigani moja tu, ya kuwindia kulungu wa huku wenye mkia mweupe. Babu yangu huko Ifakara alilinda mpunga dhidi ya nguruwe pori kwa gobore la kushindilia baruti, na sijawahi kusikia kwamba lilikuwa na karatasi yoyote. Mjukuu wake anaomba kadi kwenye kompyuta na kupakia picha ambayo lazima iwe imepigwa ndani ya siku 30.

Yangu ilitolewa 2011, kwa hiyo ilikuwa inaisha Juni 2021. Sifa ya kuliona hilo si yangu. Mke wangu alikuwa akitafuta kadi ya bima kwenye pochi langu, akaniuliza, "Baba Neema, hii kadi yako ya bunduki umeiangalia tarehe?" Ilikuwa Aprili. Nikaomba usiku uleule, na kwa kweli hilo ndilo jambo pekee la maana nililofanya mpaka Oktoba. Ukiomba kabla kadi haijaisha, sheria inasema ya zamani inaendelea kuwa halali wakati wanaishughulikia mpya. Ukichelewa hata siku moja huna pa kusimama. Nina rafiki aliyechelewa wiki tatu. Bunduki yake ilibidi ikae kwa shemeji yake mwenye kadi.

Sheria ilisema pia kwamba uhuishaji usizidi siku 60 za kazi. Nikahesabu kwenye kalenda ya jikoni: Julai. Julai ikaja ikapita. Mtandaoni pameandikwa tu kwamba ombi linapitiwa. Tatizo lilijulikana: tangu 2020, Korona ilipoingia na kisha maandamano baada ya kuuawa kwa George Floyd, watu walikimbilia kuomba kadi kwa wingi ambao mezani hapakuwa na mikono ya kuumaliza. Ukipiga simu unapigiwa muziki. Siku moja niliuacha muziki ule ukilia nikakaanga maandazi sufuria nzima, na nilipokaribia la mwisho simu ikakatika yenyewe.

Ukienda duka la risasi na kadi yako iliyo halali kisheria, kijana wa kaunta haoni sheria, anaona tarehe. Nilimweleza kuhusu ombi langu. Akanisikiliza kwa heshima zote, akanirudishia kadi kama anayerudisha noti bandia.

Hapo ndipo mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Rockford akaniita. Mzee huyu amekuwa mtumishi wa serikali nyumbani miaka mingi, anajua ofisi. Akasema, "Mwanangu, faili likikaa peke yake linalala. Simu haina uso. Nenda Springfield ukaonekane." Springfield ndiyo makao makuu ya jimbo. Maneno mazito, yana hekima ya kwetu. Nikaomba ruhusa kazini, siku nzima bila malipo, nikavaa shati la harusi.

Rockford mpaka Springfield ni kama kilomita 320, saa tatu ukienda vizuri. Unashuka barabara kuu ya I-39, unapita mahindi, unapita maharage ya soya, unapita mahindi tena, mpaka Bloomington, halafu I-55. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba. Ilianza kwa "Shikamoo" niliyoitafsiri vibaya kichwani, ikamalizia kwa kutaja miaka yangu ya kulipa kodi. Nikafika saa tano asubuhi. Mlango wa ofisi ya polisi wa jimbo, wanaotoa foidi, umefungwa. Kioo kina karatasi: kwa sababu ya Korona hawapokei watu, tumia tovuti au piga simu. Simu ni ileile ya maandazi. Kulikuwa na mlinzi. Nikampa ile hotuba yote, maana nilikuwa nimekuja nayo kutoka mbali. Akasema, "Sawa bwana," akaniambia nipige ile namba.

Sasa unafanyaje, umeshachoma mafuta? Nikala chakula chao cha pale wanachokiita kiatu cha farasi: mkate, nyama juu yake, chipsi juu ya nyama, na jibini la kuyeyushwa juu ya yote. Mtu mmoja hakimalizi. Kisha nikaenda kaburini kwa Abraham Lincoln, yule rais wa zamani wa Marekani. Nje kuna kichwa chake cha shaba, na watu wanaisugua pua wapate bahati, mpaka imeng'aa na uso wote umebaki mweusi. Nikaisugua. Kwa mikono miwili. Nikaomba foidi kwa Kiswahili, kwa hoja kwamba Kiingereza ameshakichoka.

Nikarudi nyumbani usiku. Kwenye tovuti, linapitiwa.

Oktoba mosi ukafunguliwa msimu wa upinde, na upinde hauhitaji foidi. Nikajiona mjanja. Nikanunua upinde wa kifyatuo uliotumika, dola mia mbili na ushee, nikalipia kibali chake, nikakwea dungu alilonijengea jirani yangu mkulima. Siku ya tatu akaja dume, pembe hizi hapa. Nikafyatua. Mshale ukapiga gogo. Dume hakukimbia hata. Alinitazama juu pale kama mwalimu anayesubiri jibu, kisha akaondoka taratibu. Mshale nilishindwa kuuchomoa, bado upo pale.

Aliyenitoa ni dada mmoja tunayefanya naye zamu ya usiku, hata si mwindaji. Alinisikia nikilalama akaniuliza kama nimewahi kwenda kwa mwakilishi wa eneo letu kwenye bunge la jimbo. Nikacheka. Kwetu unakwenda kwa mbunge kwa ajili ya msiba au barabara. Kumbe ofisi zao zina watu wa kazi hiyohiyo, kufuatilia karatasi za wapiga kura zilizokwama, na hawatozi hata senti. Nikapiga, simu ikapokelewa mlio wa pili! Wakataka jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya ombi na saini ya kuwaruhusu waliulizie. Wiki hiyohiyo wakanirudia: majina hayafanani. Kwenye kadi ya 2011 jina la babu limekaa mwisho kama la ukoo, kwenye leseni ya udereva limebanwa katikati, na kwenye hati ya uraia yapo yote matatu. Kwa mashine nilikuwa watu watatu. Kwa hiyo wenye majina matatu, yalinganisheni kwanza kwenye leseni, halafu ndiyo muombe. Nikatuma nakala ya hati ya uraia, na wiki ya kwanza ya Novemba bahasha ikawa kwenye sanduku la barua.

Msimu wa bunduki ulifunguliwa tarehe 19. Nilipata jike mdogo siku ya pili, si la kujisifia, ila supu yake ilikuwa nzuri.

Januari 2022 sheria mpya ikaanza: ukitoa alama za vidole kwa hiari, kadi inajihuisha bila wewe kuomba. Nimezitoa, kama dola hamsini au sitini hivi, sikumbuki vizuri. Yangu inaisha 2031.

Mzee nilimpelekea paja la yule jike, kwa adabu, nikamweleza habari yote ya mwakilishi na majina matatu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitikisa kichwa. "Unaona?" akasema. "Nilikwambia uende ukaonekane." Na Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, nikamkuta anamwelekeza kijana mwingine njia ya Springfield, na pua iko upande gani.